Kiingereza ambacho IELTS haikuulizi

Nimekasirika na ninaandika nikiwa na hasira hiyo hiyo. Kazini kwetu, makao ya wazee huku Leeds, Uingereza, kuna dada mgeni kutoka Kakamega. Mzee mmoja alimwambia anataka "to spend a penny", neno kwa neno ni kutumia peni moja. Dada akamletea pochi yake. Kumbe mzee alikuwa anaomba kupelekwa chooni, na kabla hawajaelewana akawa ameshajilowesha. Msimamizi wa zamu akamwandikia dada ripoti: Kiingereza hafifu.

Hafifu! Mtu aliyefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza tangu utotoni, akafanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa wanaotaka kuja huku, kwa pesa ambazo zingelipa karo ya muhula mzima, na ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu! Zamani vyoo vya umma vya Uingereza vilikuwa na kufuli la sarafu: unatumbukiza peni moja, mlango unafunguka. Peni hiyo ya kale iliondoka 1971 walipobadilisha mfumo wa fedha, msemo ukabaki vinywani mwa wazee. Steji ya Nakuru nasi tunalipia choo, lakini hakuna Mkenya anayemwita mgeni mjinga kwa sababu hajui bei yake.

Sisi wa enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, tulikaririshwa misemo kwa ajili ya insha. Mvua yoyote kwenye madaftari yetu ilikuwa "raining cats and dogs". Huku kazini sijaisikia hata mara moja, wao husema "chucking it down". Na mnakumbuka 2021, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe aliposema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waje huku, 10 tu ndio waliopita? Aibu yote ilitupiwa wauguzi. Hata hao waliopita, hakuna aliyewaambia kuhusu peni.

Kwa hivyo wewe unayejiandaa, shika haya. "Under the weather" ni kujisikia vibaya kidogo tu. "On the mend" anapata nafuu, "gone downhill" hali imezorota. Lakini ukisikia "touch and go" wakati wa kupokezana zamu, anza na chumba hicho, maana mgonjwa huyo anaweza kupona au kufa na hakuna ajuaye. "Popped his clogs" ni kufa, ila ni maneno ya mzaha. Ukiyatamka mbele ya binti aliyekuja kuchukua nguo za babake, umemtukana. Mwambie "passed away". Na meneja akikuambia "pull your socks up", hilo ni onyo, ongeza bidii kabla halijaandikwa.

Linalonitia hofu zaidi ni "mustn't grumble", yaani nisilalamike. Unamuuliza mzee hali, anakujibu hivyo, nawe unaandika yuko sawa. Wazee hawa wamelelewa kuona kulalamika ni aibu, sawa na nyanya yangu kule Njoro aliyesema "niko salama tu" huku goti limevimba hawezi kuinuka. Usiliandike jibu hilo peke yake. Tazama uso wake akigeuka kitandani, tazama kama amegusa chakula, uliza tena kwa maneno mengine. Hapo watu wetu ni hodari kuliko wengi niliofanya nao kazi, kwa sababu tumekulia nyumba moja na wazee, na hakuna faili linaloandika hilo.

Mnaoniuliza inbox kuhusu viza: njia ya wahudumu wa wazee imefungwa kwa waombaji walio nje ya Uingereza tangu 22 Julai 2025. Wakala anayekudai pesa leo kwa kazi hiyo ni mwizi, hata kama mnasali kanisa moja. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia.

Mzee wa peni, asubuhi iliyofuata, alimwita dada akamwomba radhi. Siku hizi anamwambia wazi, "toilet, please", na dada anampeleka. Wao wawili wamemaliza. Msimamizi ndiye hajafuta ripoti. Nimemwambia dada aandike maelezo yake mwenyewe, ataje mzee alisema nini na msemo huo maana yake nini, kisha adai yawekwe kwenye faili hilo hilo. Jumatatu anaonana na meneja, nami nimeomba kukaa naye kama shahidi.