Modeli ya seli shina: nimefika kwenye eksosomu

Ubao wa kwanza umekamilika. Kwa wanaoanza kufuatilia: kwa vipande vya mbambakofi ninavyopewa na mafundi wa milango hapa Langoni, Lamu, ninachonga modeli ya seli shina (seli inayoweza kugeuka seli za aina nyingine) inayokuzwa kwenye oksijeni haba. Ni kwa ajili ya vijana wa kidato cha tatu wanaokuja kwangu jioni kudurusu baiolojia.

Ninalotaka walishike ni hili: hewa tunayovuta ina oksijeni 21%, lakini ndani ya uboho, zinakoishi baadhi ya seli hizi, ni kati ya 1% na 7% hivi. Kwa hiyo anayezikuza kwenye hewa ya kawaida ndiye anayezitoa kwao.

Sehemu ninayoipenda ni HIF-1 alfa. Seli huitengeneza protini hii muda wote. Oksijeni ikiwa tele, hubandikwa alama, protini ya VHL huidaka kwa alama hiyo, nayo huvunjwavunjwa. Ubaoni, alama ni kijiti chekundu. Ukikichomoa, yaani oksijeni ikipungua, ndoano ya VHL haina pa kushika. HIF inateleza kwenye mfereji mpaka kwenye kiini na kuwasha jeni za kuotesha mishipa ya damu. Ugunduzi huu uliwapa wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin Nobeli ya 2019, na kwa kweli waliistahili.

Sasa eksosomu, vifuko vya nanomita 30 hadi 150 ambavyo seli huvitoa nje. Seli ya maikromita 20 nimeichonga duara la sentimita 60, kwa hiyo eksosomu ya nanomita 100 ni ushanga wa milimita 3. Oksijeni ikipungua, seli nyingi huvitoa kwa wingi zaidi, na shehena hubadilika: miR-210, kwa mfano, kipande kifupi cha RNA kinachodhibiti jeni, huongezeka. Katika majaribio mengi ya maabara na ya wanyama, vifuko hivyo vimechochea mishipa mipya zaidi kuliko vya hewa ya kawaida.

“Basi mwalimu, mwenye kidonda cha sukari si apewe?” aliuliza binti mmoja. Swali zuri mno. Nikamwambia bado: matokeo hutegemea kiwango cha oksijeni, muda na asili ya seli, na mwaka 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya juu ya bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Nitaliandika hilo ubaoni kwa herufi kubwa.

Kinachofuata ni seli inayopokea. Shanga zitapita juu ya mshipi wa kuvulia kutoka ubao hadi ubao. Nimebakiza kutoboa matundu.