Donge la chatu

Chatu yule aliletwa ndani ya mfuko wa salfeti, wakati wa kiangazi, na wakulima wa upande wa Mto wa Mbu. Alikuwa amefungiwa humo kwa siku kadhaa bila maji. Ngozi ya ubavuni ilikuwa imejikunja, macho yamezama, mate yakivutika kama gundi. Mbele kidogo ya kloaka, tundu lililo pale mkia unapoanzia, mkono uligusa uvimbe mgumu.

Kijana wa zamu aliuliza, "Mzee, tumpe sungura apate nguvu kwanza?"

"Asile chochote. Nyama ikiingia sasa, mzigo wote utaangukia figo."

Nyama ikishameng'enywa huacha naitrojeni, nayo lazima itoke. Samaki wengi huitoa kama amonia, ambayo ni sumu lakini wao wamezungukwa na maji. Ng'ombe na binadamu hutengeneza yurea, ambayo haitoki bila mkojo wa kutosha. Nyoka hufunga atomu nne za naitrojeni katika molekuli moja ya asidi ya yuriki. Kuitengeneza hugharimu nishati nyingi kuliko yurea, ila faida iko kwenye maji: lita nzima huyeyusha miligramu 60 hivi tu za asidi hiyo, wakati yurea huyeyuka zaidi ya kilo. Kitu kisichoyeyuka hakivuti maji. Nyoka hana kibofu cha mkojo, basi figo humwaga uji mweupe moja kwa moja kwenye kloaka. Hapo na kwenye utumbo wa nyuma maji hufyonzwa na kurudi mwilini. Kinachobaki ndiyo ile "chokaa" ambayo wageni hudhani ni mavi. Mavi yenyewe ni yale meusi yaliyo pembeni yake.

Hata hivyo, uji huo lazima utiririke. Mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua, asidi hukwama katika vijirija vyake, kisha huanza kujipanga juu ya moyo, ini na kwenye viungo. Ni jongo, ugonjwa uleule wa binadamu, na nyoka akifikia hapo huwa ni vigumu kumwokoa.

Tulimweka katika beseni pana lenye maji ya nyuzi 28 hadi 30, yaliyopimwa kwa kipimajoto. Kina hakikuzidi nusu ya unene wa mwili, maana nyoka dhaifu huzama, na hakuachwa peke yake. Baada ya nusu saa alipapaswa kwa kidole gumba, kutoka mbele ya uvimbe kuelekea nyuma, polepole. Kibano hakikuguswa: anayevuta donge kavu la asidi hiyo huchana utando wa ndani, na kidonda cha hapo hupata usaha upesi. Jioni alirudishwa majini.

Asubuhi donge lilikuwa ndani ya beseni, nene kuliko kidole gumba, nje la manjano ya kahawia, ndani jeupe. Hapakuwa na mavi, kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu. Nyoka mwenye njaa huendelea kuvunja protini za mwili wake na kutoa yureti, yaani ile chokaa ya asidi ya yuriki. Donge lingekuwa la kijani, tungechunguza ini.

Bwana mifugo alitaka uthibitisho. Nje, palipo na upepo, chembe ndogo kama punje ya mtama ilitiwa kwenye kibakuli cha kauri na matone mawili ya asidi ya nitriki, kikawekwa juu ya mvuke wa maji. Moto wa moja kwa moja huunguza kila kitu kikawa cheusi. Yalibaki mabaki mekundu-manjano. Tone la amonia likayageuza zambarau. Ilikuwa asidi ya yuriki. William Prout, daktari Mwingereza, alipopima kinyesi cha boa, nyoka mkubwa kama chatu, mwaka 1815 alikuta asidi hiyo ni zaidi ya asilimia 90.

Chini ya hadubini unga wake ulikuwa viduara vidogo mno. Mwaka 2025 kundi la mwanakemia Jennifer Swift wa Georgetown University, Marekani, lilieleza viduara vya namna hiyo katika yureti za aina zaidi ya 20 za reptilia: vina upana wa mikromita 1 hadi 10, na vimejengwa kwa fuwele ndogo zaidi.

Chatu hakulishwa mpaka mikunjo ya ngozi ilipoisha. Alianza na panya mmoja aliyelowekwa majini, ili mlo uingie na maji yake. Yureti iliyofuata ilikuwa nyeupe na laini, ikapondeka kwa kijiti, na chatu akahamishiwa banda kubwa.