"Lakini" ya Jumamosi

Wiki hii Baba Salma amepata kazi baada ya miezi saba ya kukaa nyumbani, na mwenye nyumba ametupandishia kodi. Mimi bado niko Jumamosi, kwenye sinia la minji.

Mama mkwe alikuwa ameteremka kutoka Limuru na gunia lake (mnamjua, hatembei mikono mitupu). Tumekaa tunamenya, Salma akaingia kutoka madrasa, hijabu bado kichwani, akaanza kumsimulia bibi yake somo la siku. "Cucu, Nabii Isa hakusulubiwa. Mungu alimpandisha kwake mbinguni. Na atarudi, atashuka kwenye mnara."

Cucu akaacha kumenya. "Kumbe hata nyinyi mnamngoja?"

Nami, macho kwenye minji: "Tunamngoja, Mama, lakini si kama nyinyi."

"Haya," akasema, akachukua ganda lingine.

Hiyo haya nimepanda nayo matatu Jumatatu mpaka leo. Sikusema uongo. Suratun-Nisaa, aya ya 157 na 158: hawakumuua wala hawakumsulubu, bali Mwenyezi Mungu alimwinua kwake. Cucu kila Ijumaa Kuu anakililia kifo hichohicho. Na kwetu akirudi atavunja msalaba, atamuua Dajjali, yule masihi wa uongo, kwenye lango la mji wa Ludd, kisha naye atakufa kama watu na Waislamu watamswalia. Sasa hayo utayapakaje asali? Ila hakuniuliza hayo. Aliuliza kama tunamngoja. Miaka kumi na moja tangu mwanawe asilimu, ndiyo mara ya kwanza kuuliza jambo la dini yetu bila kwanza kuguna. "Ndiyo, Mama" ingetosha. Ningenyamaza hapo, minji ikaisha.

Jana usiku simu ikalia, anamtaka Salma. Tukaweka spika.

"Ule mnara ulisema uko wapi?"

Salma akamwaga yote: Dameski, upande wa mashariki, mnara mweupe, atashuka ameweka mikono juu ya mabawa ya malaika wawili, amevaa nguo mbili zilizotiwa zafarani, akiinamisha kichwa matone yanadondoka kama lulu.

"Ametoka kuoga?"

Baba Salma alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka. Wala Cucu hakwenda mbali: katika masimulizi ya Miraji, usiku wa kupaishwa mbinguni, Mtume (s.a.w.) alimwona Isa kama mtu aliyetoka hamamuni. Nikamwambia hivyo, na safari hii sikutia lakini. Akauliza kama kuna picha ya huo mnara. Nikamtumia wa Msikiti wa Umayya, hukohuko Dameski, ule wanaouita mnara wa Isa. Saa tano usiku akajibu: "Haya." Na maua matatu.

Nimeyahesabu hayo maua mara ngapi sijui.

Mpira wa gesi umeanza kunuka tena pale kwenye mtungi. Fundi aliyeubadilisha mwezi jana hashiki simu, na leo Salma atarudi kutoka shule kabla yangu.