Kijitabu cha mwenzetu marehemu: mradi umefikia wapi

Wiki ya 1 na ya 2

Mwenzetu wa kikundi cha kusaidiana kuandika amelala kihambani, shamba la ukoo wao, huko Kibosho, Kilimanjaro. Hadithi zake fupi, 9 kwa jumla, zilipatikana siku ya kwanza. Kazi iliyobaki ni kukusanya maoni aliyoyaandika juu ya rasimu za wengine, na hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa ya kijitabu cha kumkumbuka. Mtu aliyekesha akinyoosha sentensi za wenzake, ukimkumbuka kwa hadithi zake tu umemkumbuka nusu.

Maoni yote yamo WhatsApp. Mazungumzo yakitolewa kuwa faili la maandishi yana kikomo: jumbe 40,000 za karibuni bila picha na sauti, au 10,000 pamoja nazo. Kwa hiyo yalitolewa kwa njia zote mbili, kutoka simu 4, maana kila simu ina yale tu yaliyokuja baada ya mwenyewe kujiunga. Jina la marehemu hutoka kama mwenye simu alivyolihifadhi, hivyo mtu mmoja akatokea kwa majina manne. Tarehe nazo, simu moja huanza na siku na nyingine huanza na mwezi. Sawazisha majina na tarehe kwanza, ndipo uunganishe mafaili. Ukigeuza utaratibu huo, ujumbe mmoja utabaki mara nne na hutajua upi ni upi.

Simu ya marehemu mwenyewe isifutwe kitu. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika huondolewa baada ya siku 120, kwa hiyo nakala itolewe mapema, na anayeishika simu awe mtu wa familia, si sisi.

Ruhusa ilichukua siku mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo warithi ndio wenye kauli. Walikubali kwa maandishi. Mwenye rasimu iliyotolewa maoni naye lazima akubali, kwa kuwa sentensi zake dhaifu zitasomwa na watu.

Wiki ya 4

Maoni yakisimama peke yake hayaeleweki. Mpangilio uliokubaliwa ni huu: sentensi ya rasimu, maoni, kisha sentensi ilivyokuja kuwa. Kwa mfano, rasimu inasema mvua kubwa ilinyesha na watu wote wakaogopa. Maoni yanauliza nani aliogopa wa kwanza. Sentensi mpya inaanza na bibi anayeingiza mbuzi ndani. Hapo msomaji anaona mkono wa marehemu ukifanya kazi.

Makosa ya vidole yanasahihishwa, basi. Maneno ya Kichaga kama mbege (pombe ya ndizi), kihamba na isale (mmea wa heshima kwa Wachaga) yamebaki kama alivyoandika, bila tanbihi. Zima kirekebishaji cha Kiingereza kabla ya kubandika chochote, maana hubadilisha maneno ya Kiswahili kimyakimya. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, tumia hiyo. Ujumbe wa sauti wa dakika 1 huchukua kama dakika 5 kuunakili. Ukaguzi wa mwisho ni wa watu wawili: mmoja anasoma chanzo kwa sauti, mwingine anafuata nakala kwa kidole.

Picha ya ukurasa wa kwanza ina upana wa sentimita 8, hivyo inahitaji pikseli 945 hivi ili itoke safi kwa nukta 300 kwa inchi. Iliyozunguka kwenye makundi imeshabanwa. Omba ya asili, itumwe kama faili, si kama picha.

Wiki ya 6

Kurasa 48, ukubwa wa A5. Idadi igawanyike kwa 4, la sivyo kurasa tupu zitajitokeza mahali usipozitaka. Kurasa 48 ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa. Nakala 60 ni karatasi 720. Rimu 2 za gramu 80 zinatosha na zinabaki 280 za kuharibika.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa unyevu. Rimu iliachwa wazi usiku kucha wakati wa masika, karatasi zikajikunja pembeni na mashine ya steshenari ikawa inazikwamisha kila mara. Fungua rimu saa ya kuchapa, na inayobaki ifungwe kwenye mfuko wa nailoni.

Jalada ni manila, lenye mchoro wa jani la isale. Lilipasuka kwenye mkunjo kwa sababu lilikunjwa kukata nyuzi za karatasi. Pinda manila kwa upole pande zote mbili: upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi, na mgongo wa kitabu uelekee huko. Kabla ya kukunja, pitisha rula ya chuma na ncha ya kalamu iliyokauka.

Wiki ya 7

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, kwa hiyo tunashona. Matundu 3 kwenye mkunjo: moja milimita 105 kutoka juu, mengine milimita 40 kutoka kila ncha. Toboa kwa shazia, kitabu kikiwa kimefunguliwa juu ya kipande cha boksi. Uzi sentimita 50 kwa kitabu kimoja, umepakwa nta. Ingia tundu la kati kutoka ndani, toka nje, ingia la juu, ruka la kati mpaka la chini kwa ndani, toka, kisha rudi la kati. Fundo lifungwe likibana uzi mrefu wa ndani. Vuta kufuata mgongo. Ukivuta kuelekea kwako karatasi inachanika.

Karatasi za katikati hujitokeza nje kidogo, ndiyo maana ukingo wa mbele unakatwa baada ya kushona.

Nakala 22 ziko tayari, zimelala chini ya matofali. Zilizobaki 38 zishonwe kabla ya Desemba, watu wanapopanda kwenda nyumbani. Ya kwanza ni ya mama yake, na hiyo imeshonwa kwa uzi mweupe.