Kovu la Mama

Leo jioni nimeichukua picha ya Mama kwa mchoraji na kuiegemeza chumbani ikiwa imegeukia ukutani, kwa sababu kila nikiitazama vidole vinaniwasha kuigusa, na kuigusa ndiko nilikokatazwa. Rangi za mafuta hazikauki kwa maji kupotea hewani; mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hufyonza oksijeni na kuganda polepole, hata juu pakaonekana pakavu ilhali chini bado ni laini. Vanishi, nimeambiwa, itasubiri miezi sita hivi, na pengine zaidi pale rangi ilipopakwa nzito. Mama anatimiza miaka 70 Jumamosi, kwa hiyo nitampa zawadi ambayo itabidi niiombe tena baadaye ili imaliziwe.

Nilipoagiza kazi hii nilidhani langu lilikuwa kutoa arbuni na kuchagua ukubwa wa turubai. Kumbe nilitakiwa kuchagua uso. Nilipeleka picha tatu za simu, na mchoraji akanirudishia zote. Ya kwanza ilipigwa kwa karibu mno, na kamera ikisogezwa karibu na uso huikuza pua na kuyasukuma masikio nyuma. Ya pili ilipigwa kwa mwanga wa flashi, uliokuwa umefuta vivuli vyote, naye bila kivuli hana pa kushika. Ya tatu ndiyo niliyoipenda, kwa kuwa Mama alikuwa akitabasamu.

“Dada, hapa anaitabasamia kamera,” aliniambia. “Tabasamu la namna hiyo nikilikalia wiki sita, litakuwa la mtu aliyekaza meno.”

Basi nilimvizia Mama akiwa ameketi kando ya dirisha, anatunga uzi kwenye sindano, miwani imemshukia puani na mdomo umebana kidogo, nikampiga picha kabla hajanyanyua kichwa. Hiyo ilikubaliwa bila mjadala.

Kosa lililofuata lilikuwa langu peke yangu. Mama ana kovu dogo linaloikata nyusi yake ya kushoto, nami niliomba liondolewe, nikiamini kwamba nampamba. Mchoraji alitii. Aliponitumia picha ya kazi ilipofikia, nilimwona mwanamke mzuri, mtulivu, ambaye ningemwamkia kwa heshima kama mama wa mtu mwingine. Kwa siku mbili nilitafuta kasoro kwenye macho, kwenye kidevu, hata kwenye rangi ya kitambaa, na nilikwisha kuandika nusu ya ujumbe wa lawama nilipokumbuka jinsi nyusi ile inavyoinuka vipande viwili Mama anapomtilia mtu shaka. Niliufuta ujumbe, nikaandika mwingine wa kuomba radhi.

Katika siku hizo nilisoma habari za picha ambayo wabunge wa Uingereza walimzawadia waziri mkuu wao, Winston Churchill, mwaka 1954 alipotimiza miaka 80, iliyochorwa na Graham Sutherland. Churchill aliichukia, na baadaye ikaharibiwa kwa amri ya mkewe. Sutherland alikuwa ameuchora uzee bila kuupunguza, ilhali mimi nilitaka upunguzwe; lakini Mama naye, kama Churchill, anaandaliwa uso na watu wengine, na siwezi kumuuliza bila kuitoboa siri. Zawadi ya kushtukiza ina ubabe wake kidogo, na sijui kwa nini sikuliona hilo mapema.

Kovu lilirudishwa kwa mstari mmoja mwembamba wa rangi hafifu juu ya tabaka lililokwisha kushika, na niliombwa nyongeza ya malipo, ambayo niliitoa bila kunung’unika.

Usiku huu Mama amenipigia simu kuuliza kwa nini juzi nilikuwa namdadisi kovu lile alilipataje. “Kwani kuna nini, mwanangu?” Nimesema hakuna kitu, kisha nimenyamaza, kwa sababu nilijua nyusi imekwisha kuinuka. Sasa nimefungua madirisha yote mawili ili harufu ya mafuta ipungue, maana kesho atapita hapa kuchukua cherehani yake, na pua yake haidanganyiki.