Ile ndege ya Toronto na watu wa mabegi

Mi kila ndege ikigusa chini breki zikaanza kulia, akili inanipeleka kwa ile Airbus A340 ya Air France, safari namba 358 ya kutoka Paris, tarehe 2 Agosti 2005. Watu 309 ndani, nje radi na mvua ya kufa mtu. Njia ya kutua pale uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, ina mita kama 2,740 hivi, sasa wao wanakuja kugusa lami wameshaipita zaidi ya mita 1,100, yaani theluthi na ushee imeenda bure, na lami yenyewe imelowa chapachapa, halafu ile mitambo ya kugeuza nguvu ya injini irudi mbele ikachelewa kuwashwa sekunde kumi na kitu, we unaona chache ila kwa spidi ile ni balaa. Ndege ikapitiliza, ikaenda kulala kwenye korongo mita 300 huko mbele. Moto.

Na hakufa hata mmoja! 12 waliumia vibaya, ila wote walitoka hai, mkia unawaka, milango mingine haifai kabisa. Wale wahudumu wapewe maua yao.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba abiria wengi tu walitoka na mabegi yao, wameambiwa waache lakini wapi. Jamani, nyuma yako kuna mtu kabeba mtoto na we unavuta begi?

Mi siku hizi pasipoti inakaa mfukoni, na viatu sivui mpaka tusimame.