Mama, unakuya kukamata nani?

Tangu Jumatano silali vizuri, na kinachoniamsha ni neno moja nililolitoa kwa mdomo wangu mwenyewe mlangoni mwa ukumbi wa muziki. Mutoto.

Jumatano ilikuwa 30 Aprili, siku ya jazz ya dunia nzima. UNESCO iliitangaza mwaka 2011, ikaanza kuadhimishwa 2012, na nyumbani kwangu wote wanajua kwamba siku hiyo mama hapatikani. Hapa Lubumbashi muziki huu haupigwi kila wiki. Ukikosa usiku mmoja, unaweza kungoja miezi. Kwa hiyo niliposikia kwamba watapiga watu wanne, gitaa, saksafoni, ngoma na lile gitaa kubwa la besi linalopigwa limesimama, nilianza kuweka pesa siku ileile. Kiingilio dola 10. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana pesa, ilipofika nilichagua noti moja nikaiangalia kwenye mwanga, mbele na nyuma. Haikuwa na mpasuko wala alama ya wino, maana noti ya dola yenye mchaniko hata wa punje ya mchele mji huu hakuna anayeipokea. Nikaiweka katikati ya daftari la madeni ya sokoni ili isikunjike.

Siku yenyewe nilifunga meza saa kumi na moja. Kurudi kwanza nyumbani Katuba kubadilisha nguo kungenichelewesha, basi nikatoka soko la Kenya, mtaa wa mji huuhuu, vilevile nilivyo, kikwembe cha kazi, kilemba kichwani, mfuko mkononi wenye vipande viwili vya kitambaa cha wax visivyouzwa na mafungu matatu ya sombe, majani ya muhogo. Sikuona ubaya wowote. Sombe yenyewe ilikuwa mbichi, haijatoa harufu.

Mlangoni palikuwa na kijana wa ulinzi, shati limenyooshwa, ana adabu. Mbele yangu waliingia wasichana watatu na bwana mmoja mwenye mvi, akawachania tiketi bila maneno. Nilipofika mimi, kidole changu kilikuwa tayari ndani ya daftari, kimeigusa noti. Akainama kidogo, namna mtu anavyomwinamia mama yake, akaniuliza nimekuja kumchukua nani:

"Mama, unakuya kukamata nani?"

Nikajibu: "Mutoto yangu. Eko mu ndani."

"Ah. Ingiya, mama. Ingiya."

Basi. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Nimeyarudia kichwani nikipika, nikipima vitambaa, nikiwa kwenye taksi-bisi, hata kanisani leo asubuhi wakati wa matoleo. Angenifukuza, ningejua la kumwambia. Wanaonijua sokoni wanajua kwamba mtu akinipandishia sauti mimi sirudi nyuma. Lakini yule kijana hakunidharau. Aliona mama wa umri wangu, mfuko wa sombe, jua linazama, akafikiri jambo lililo jema kabisa: huyu mama anamfuata mtoto wake ili asirudi peke yake usiku. Na mimi nikaona ni rahisi zaidi kuwa mama huyo kuliko kuwa mimi.

Jibu lilikuwa maneno matatu tu. Nakuya kusikia muziki. Ningeyasema, angechukua noti yangu, angenichania tiketi kama wale wasichana, na ningekaa mstari wa pili ninapokaa siku zote. Kitanda changu kimeshasikia maneno hayo matatu mara mia tangu Jumatano.

Aliendelea kunitendea wema. Alikwenda akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka nyuma kabisa karibu na mlango.

"Kaa hapa, mama. Akitoka utamuona."

Nikakaa pale, mfuko magotini, kama mtu anayengoja. Kila kijana aliyetoka kupokea simu au kupunga hewa, yule mlinzi alinitazama akainua kidevu: ni huyu? Nami natikisa kichwa: hapana. Mara nne. Mara ya tatu saksafoni ilikuwa inapiga peke yake, ile sehemu wenzake wanapomwachia njia aongee yaliyo yake, na mimi badala ya kumfuata nilikuwa natikisa kichwa kukana mtoto wa watu nisiyemjua.

Kibaya zaidi sijakisema. Walipotangaza wimbo wa mwisho, nilifikiri: sasa watu watatoka wote, ukumbi utabaki mtupu, na kijana huyu ataniuliza mtoto yuko wapi. Nikasimama. Nikamwambia nimempigia simu, ananingoja barabarani. Uongo wa pili. Wimbo wa mwisho nimeusikia kutoka nje, nimesimama kando ya ukuta, ngoma inapita ukutani lakini gitaa halipiti. Pikipiki zilipopita hata ngoma sikuisikia. Noti yangu ya dola 10, safi, bado iko kwenye daftari.

Jumamosi wakwe walikuja, mahari ya kifungua mimba imepokelewa na wazee wamekubaliana vizuri, namshukuru Mungu, nitaandika siku nyingine.

Usiku wa Jumatano nilipofika nyumbani, kitinda mimba alikuwa bado macho. Nilimweleza, maana huyu ndiye ninayemweleza mambo ya muziki. Nilifikiri ataniambia si kitu. Akanitazama, akauliza, "Mutoto gani, mama? Ni mimi?" Ana miaka kumi na moja. Alitaka kujua kama ni yeye niliyekuwa nimemtaja kule mlangoni, kama kwa namna fulani na yeye alikuwa ndani ya ukumbi ule. Nikamwambia ndiyo, ni wewe. Akafurahi, akalala. Mimi nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda chake na viatu miguuni.

Namfikiria sana baba wiki hii. Wasomaji wa zamani mnakumbuka redio yake na ile kamba aliyoifunga badala ya kile kigurudumu cha kutafutia stesheni. Kwake okesta yoyote ilikuwa jazi. African Jazz ya Grand Kallé ni jazi, OK Jazz ya Franco ni jazi, bendi ya harusi ya Kamalondo ni jazi. Nilipokuwa msichana nilimsahihisha kwa kiburi cha shule, nikimwambia jazz ni ile ya Marekani, hizi ni rumba. Leo nisingemsahihisha. Manu Dibango mwenyewe, Mkameruni aliyewalisha watu jazz kwa saksafoni yake, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mpigaji wa African Jazz. Masikio ya baba hayakukosea sana.

Lakini kuna habari moja ambayo baba aliisimulia kwa sentensi mbili tu, kila mara zilezile. Novemba 1960 Louis Armstrong alikuja kupiga tarumbeta katika mji huu, ukiitwa bado Elisabethville. Katanga, mkoa wetu, ilikuwa imejitangazia kujitenga na Kongo tangu Julai, na serikali ya Marekani ilikuwa inamzungusha Armstrong Afrika kama balozi. Baba alikuwa na miaka 24, mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, na tarumbeta aliipenda kuliko chakula. Anasema: "Armstrong alikuya hapa." Kisha: "Sikuingia." Ukimuuliza kwa nini, anarekebisha kofia. Nilidhani ni pesa, au hofu ya siku zile, au mlango wenyewe haukuwa wa watu kama yeye. Hakusema mpaka alipofariki. Jumatano, nimesimama kando ya ukuta nje ya muziki ambao pesa yake ninayo mkononi, nilifikiri pengine na baba alikuwa na noti yake mfukoni.

Sasa niwaambie na lile jingine, kwa sababu nisipoliandika nitakuwa nimeusema vibaya usiku wote.

Wimbo wa nne ulikuwa blues ya polepole. Mpiga ngoma aliweka fimbo chini akachukua vile vifagio vya waya, akawa anafagia ngozi ya ngoma kwa duara, sauti ya mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Besi inatembea. Saksafoni ikaongea, ikamaliza, ikarudi nyuma. Ndipo mpiga gitaa, kijana mwembamba ambaye mpaka hapo sikumtilia maanani, akachukua kile kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi akakibana kati ya midomo yake. Akaanza kwa vidole vitupu. Viwili tu. Gumba chini, linakwenda na kurudi juu ya nyuzi nene bila kuchoka, na kidole cha shahada juu kinachokota sauti mojamoja, kinachelewa kidogo, kinaruka mbele, kinaligombeza gumba kisha kinapatana nalo.

Niliinuka kwenye kiti. Mfuko ulianguka.

Ile ni Katanga! Ile ni namna ya Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi Jadotville mwaka 1952, ndiyo Likasi ya leo, alikozaliwa marehemu mama yangu. Gitaa moja linalosikika kama mawili. Wazee wetu walipiga hivyo kwenye magitaa ya bei ndogo, jioni wakitoka kazini, na Mwenda alikufa 1990 katika ajali ya gari huku watu wengi wakidhani muziki ule umezikwa naye. Na huyu kijana, ambaye hakuwa amezaliwa, aliutoa katikati ya blues ya Marekani bila kubomoa chochote, kama mtu anayeingiza uzi mwekundu kwenye kitambaa cha buluu na kitambaa kinabaki kizima. Hakutangaza. Hakuna aliyepiga kelele. Wasichana wa mbele walikuwa wanajipiga picha. Mimi nilipiga makofi peke yangu kabla hajamaliza, pale nyuma karibu na mlango, na naapa aliinua macho akatafuta sauti inatoka wapi.

Mlinzi naye aliniangalia. Safari hii hakuinua kidevu.

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, soko nusu limefungwa, nikabaki nyumbani na kitinda mimba. Aliniuliza nilijuaje kwamba gitaa litaanza pale lilipoanza. Nikatandika mezani kitambaa cha wax, kipande kizima cha yadi 12, ambacho siku zote tunakikata katikati kuuza sita sita. Nikamwambia blues nayo ina vipimo 12, na hurudi mwanzo kila ikiisha. Nikakunja kitambaa mara tatu, nne nne nne. Nne za kwanza unakaa nyumbani. Nne za pili unatoka kwenda kwa jirani, unarudi. Nne za mwisho unakwenda mbali zaidi, na kabla hazijaisha uko tena kwenye kizingiti chako. Tukaweka blues moja kwenye simu, yeye anatembeza kidole juu ya kitambaa, yadi kwa yadi. Mara ya kwanza alipotea kwenye yadi ya saba. Mara ya tano alifika mwisho wa kitambaa pamoja na wapigaji, akapiga meza kwa kiganja, na mpiga saksafoni akaingia papo hapo. Alitoa macho namna ile! Tumerudia mpaka simu ikaisha moto, na umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Ijumaa nilipita ukumbini na noti yangu. Geti limefungwa, mlinzi mwingine, mzee, ananiambia ofisi Jumatatu. Hakuniuliza namtafuta nani. Kesho ni Jumatatu. Nitakwenda na kitinda mimba, na nitalipa kiingilio cha Jumatano, na yule kijana akiwepo nitamwambia maneno yangu matatu mbele ya mtoto, hata kama atashangaa kwa nini mama huyu anamwambia habari ya muziki asubuhi saa mbili. Nimeshaandaa kikwembe. Ni kilekile cha kazi.

Mpiga gitaa sijajua jina lake. Lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na kule mlangoni mnajua nilikuwa nasema nini.

Nilitaka kuishia hapa nikalale, ila mdogo wangu wa lori hajapiga simu tangu Alhamisi. Alikuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, magari yamesimama mpaka nyuma sana, akasema anaweza kuvuka usiku uleule au baada ya siku tatu. Yeye hupiga hata kama hana la kusema. Jana kwenye mahari aliulizwa na wazee mara mbili, nikasema yuko njiani. Simu yake ilikuwa inaita mpaka saa kumi jioni. Sasa haiiti tena.